Mwezi wa Mshahara na Mwezi wa Ziwa

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi kwa wanakikoba wetu wa Mwanga, Kigoma Mjini. Wengi hamkufika kwa sababu ya msiba wa Ujiji, mkaomba yaandikwe. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Zile karatasi nilizobandika ukutani sikuziweka, hazina jambo ambalo halimo humu.

Assalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe! Mwakeye!

Mwenyekiti, mhazini, mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mliojibanza mlangoni: sogeeni mbele, viti vipo. Leo mnahusika kuliko mnavyodhani.

Mhazini aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, watu wanapanga hela ya chakula vizuri kabisa, ikifika tarehe 15 mpango umeshakufa. Njoo utuambie kwa nini." Mimi nimefundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu. Darasani tulikuwa tunasema: andika mahitaji, andika bei, jumlisha, linganisha na kipato. Ni sahihi, sina ugomvi na hilo. Lakini niwaulize: kuna mama humu ndani asiyejua kujumlisha? Mkiwa gengeni mnajumlisha kichwani kabla muuzaji hajatoa simu yake mfukoni. Basi kama hesabu mnaijua, kinachowashinda ni nini?

Kinachotushinda ni kalenda. Tunapanga chakula kwa tarehe za mshahara, wakati chakula cha Kigoma kinakuja kwa tarehe za ziwa na tarehe za shamba. Hela inafika siku ambayo kitu ni ghali, kitu kinashuka bei siku ambayo hela imekwisha. Katikati hapo tunaungaunga kwa vipimo vidogo vya dukani. Shikeni hilo, mengine yote yananing'inia hapo.

Nianze na hivyo vipimo vidogo, kwa sababu ndiko damu inakotokea.

Kuna dada mmoja, jirani yangu, mumewe ana kazi ya uhakika na yeye anauza maandazi. Kila siku anatuma mtoto dukani: mafuta ya 500 asubuhi, mafuta ya 500 jioni. Siku moja nilimwambia, kabla hujayamimina kwenye sufuria, yatie kwanza kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, ile yenye alama za mililita. Akapima. Mililita 60. Akarudia jioni, ikawa pungufu kidogo ya hapo.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Tuseme lita nzima ya mafuta hayo hayo ni 6,000. Basi mafuta ya 500 yangetakiwa kuwa mililita 83. Yeye anapewa 60. Kwa mwezi anatoa 30,000, anapata lita tatu na nusu na kidogo, mafuta ambayo angeyanunua kwa lita yangemgharimu kama 21,600. Tofauti ni 8,400. Kwa mwezi! Kwa mafuta peke yake! Hujagusa sukari ya robo, hujagusa majani ya chai ya kifuko, hujagusa sabuni ya kipande na unga wa nusu kilo.

Na mwenye duka si mwizi, tusimwonee. Anapasua, anafunga, anakopesha kwenye daftari, anafungua saa kumi na mbili asubuhi. Faida yake lazima itoke mahali. Swali ni je, lazima itoke kwako kila siku?

Nakuona mama pale unatikisa kichwa. Unasema, Mwalimu, wewe una pensheni, mimi napata elfu nane leo, kesho sijui. Lita nzima nitaitoa wapi? Ni kweli. Na sipendi wale wanaokuja kuwaambia watu wa kipato cha siku "nunueni kwa jumla" halafu wanapanda gari wanaondoka. Kununua kwa jumla kunataka mtaji. Lakini nyie ni kikoba! Mnaweka hisa, mnakopeshana ada za shule na mitaji, mbona tumbo hamjaliundia mfuko? Watu ishirini wakitoa 1,000 kila siku, ile ile iliyokuwa inakwenda kwenye mafuta ya kupima, mwisho wa mwezi ni 600,000. Hapo mnaongea na mwenye mawese kwa madumu ya lita 20, na yeye ndiye anayewafuata nyumbani.

Jambo dogo kabla sijaondoka hapo: kopo. Ukinunua maharage au mchele sokoni kwa kopo, ligeuze kwanza. Angalia kitako. Kuna makopo yamegongwa kitako kikaingia ndani, juu yanaonekana yamejaa mpaka yanamwagika, chini kuna shimo la hewa. Kwenye kisado nako kuna mtindo wa kuweka mkono: akimpimia mwenzake anaukumbatisha mkono ukingoni, kilima kinapanda, akikupimia wewe mgeni anapitisha kiganja juu, fyuu, kilima kimekwenda. Mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo ipo sokoni. Dai upimiwe kwa kilo. Ukionekana mkorofi, sawa, umeonekana.

Sasa twende Kibirizi, kwenye mwalo wetu, pale vyombo vya wavuvi vinaposhusha dagaa.

Nani humu anakula dagaa? (Vicheko.) Nimeuliza swali la kipuuzi. Haya, nani anaweza kuniambia leo mwezi wa angani uko tarehe ngapi? Mnaona? Mikono imepungua. Na hapo ndipo hela yenu ya kitoweo ilipo.

Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola. Taa inawavuta juu, wavu unawachota. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, wanatawanyika. Kwa hiyo kwenye mbalamwezi vyombo vingi vinapumzika, nyavu zinashonwa, wavuvi wanalala na wake zao. Likiingia giza wanarudi, mwalo unajaa, bei inashuka. Hili kila mtoto wa Kibirizi analijua. Lakini nani kati yetu ameliandika kwenye bajeti?

Waislamu mna faida kubwa hapa, kalenda mnayo ukutani. Zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu ambazo wengine mnafunga sunna, ndizo mbalamwezi yenyewe. Ziwa nalo linafunga na nyie! Hesabu siku chache kabla na siku chache baada, hapo dagaa mbichi usimguse. Tarehe za mwisho za mwezi wa Kiislamu na za mwanzo wa mwezi unaofuata, hapo ndipo penye giza, hapo beba beseni.

Sasa sikilizeni kitu ambacho watu wengi hawakioni. Mwezi wa mwandamo una siku 29 au 30. Mwezi wa mshahara, ukiacha Februari, una 30 au 31. Ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Maana yake, kama mwezi huu mshahara wako umeangukia mbalamwezi, mwezi ujao utaangukia hapo hapo, umesogea siku moja tu. Na mwezi wa tatu vilevile. Kuna mtumishi humu ndani anaweza kupokea mshahara miezi minne mitano mfululizo wakati ule ule dagaa ni ghali, akaenda sokoni siku hiyo hiyo kwa sababu ana hela, akanunua, akarudi analalamika kwamba maisha yamepanda. Maisha yamepanda, sikatai. Lakini na wewe umekwenda siku mbaya.

Dawa yake ni nyepesi: hela ya dagaa itenge, isitumike siku ya mshahara. Ifunge pembeni, subiri giza, nenda ununue wa kukausha wa kukutosha mpaka giza lijalo.

Watu wa Kigoma tunapenda mbichi, najua. Dagaa mbichi wa kukaanga na ndimu, nani atakataa? Lakini hesabu ya mbichi na mkavu ifanyeni kwa haki. Kilo tatu hadi nne za mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu, maji yakishaondoka. Sasa tuseme mbichi ni 4,000 kwa kilo na mkavu ni 12,000. Mtu anaona 12,000 anashtuka, anachukua mbichi. Lakini kilo tatu na nusu za mbichi kwa 4,000 ni 14,000! Mkavu ndiye rahisi. Kama hapo mkavu angekuwa 18,000, chukua mbichi ukaanike mwenyewe. Kipimo chako kiwe hicho: zidisha bei ya mbichi kwa tatu na nusu, halafu ndiyo ulinganishe.

Na mkavu wenyewe umjue. Mwingine ameanikwa mchangani, mwingine kwenye kichanja. Chukua wachache kwenye kiganja, wasugue, uwapulize. Wa mchangani ataacha chenga kwenye mistari ya kiganja chako, na ukimtafuna meno yanakwaruza. Ule mchanga umeupima kwenye mizani, umeulipia, nyumbani unakwenda kuuosha na kuumwaga. Wa kichanja anabaki na ngozi yake ya fedha na tumbo halijapasuka. Anazidi bei kidogo. Mnunueni huyo.

Tusisahau mwaka 2024. Ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Mimi naliunga mkono, ziwa lilikuwa linachoka. Lakini lilitangazwa mapema! Mama lishe mmoja ninayekula kwake karibu na stesheni alisikia redioni, Aprili yote akawa anaweka magunia ya mkavu kidogo kidogo, na sahani ya mchana akaibadilisha: maharage siku nne, dagaa siku mbili, kisamvu siku moja. Wateja wakanung'unika wiki ya kwanza, wiki ya pili wakanyamaza, maana bei ya sahani haikupanda. Jirani yake aliendelea kutafuta samaki wabichi, migebuka, kila siku kwa bei yoyote, mwezi wa Julai akafunga banda. Wote walikuwa na redio.

Nikitoka ziwani naingia shambani, na hapa nitakwenda haraka, kwa sababu wengi mmezaliwa Kasulu na Buhigwe na Kibondo, mnalijua shamba kuliko mimi.

Mahindi na maharage bei inalala chini baada ya mavuno, Juni na Julai, halafu inaanza kupanda. Desemba mpaka Machi ndiyo kilio, na Januari ada ya shule na sare zinakusubiri mlangoni. Kila mwaka hivyo hivyo! Kwa nini kila mwaka tunashangaa? Kama utaweza kuweka maharage ya miezi sita mwezi wa Juni, bajeti yako ya Januari umeshaifanya nusu.

Watu wananiambia, Mwalimu, nikiweka yanaliwa na fukusi. Yanaliwa kwa sababu yana hewa. Ile mifuko yenye nailoni mbili ndani, ukifunga kila tabaka peke yake, mdudu anakosa pumzi anakufa bila dawa. Huna mfuko? Dumu la lita 20 lililooshwa, likakauka kabisa, lijaze mpaka shingoni, kaza kifuniko. Ila usiwe mtu wa kufungua kila jioni kuchota kikombe, hapo umeliharibu. Weka madumu madogo madogo, fungua moja, limalize.

Na kabla hujaweka, hakikisha yamekauka, hasa mahindi, kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mnakumbuka mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi. Kipimo chake ni hiki, nimekifundisha sana: chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi robo ya chupa, tia chumvi kavu kidogo, hata hii yetu ya Uvinza ilimradi uianike kwanza, tikisa vizuri, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado, rudisha juani. Chumvi ikianguka chini yote, weka.

Halafu maharage yalowekeni usiku, jamani. Mnanunua maharage rahisi mnayapika kwa mkaa ghali. Mkaa nao ni hela ya chakula, uandikeni kwenye mstari huo huo.

Haya. Kina baba, zamu yenu imefika.

Kuna nyumba moja Gungu, sitaitaja. Baba ni bodaboda, mama ana genge. Mama alikuwa ananiambia, "Mwalimu, kila nikipanga mwezi, baba anauvunja." Nikamuuliza baba. Baba akasema, "Bajeti gani? Mimi naacha 10,000 mezani kila asubuhi." Kumbe mama alikuwa na daftari, ameandika kila kitu kwa kalamu nyekundu na bluu, amelificha chini ya godoro asije akaonekana ana hela! Baba naye siku akipata abiria wazuri anarudi na mguu wa mbuzi. Anapokewa kwa vigelegele, watoto wanaruka. Kesho asubuhi hakuna unga, kwa sababu jana alipoleta mbuzi hakuacha ile 10,000. Na yeye moyoni anajua amelisha familia yake.

Nani mkosaji hapo? Mimi sioni mkosaji. Ninaona daftari lililo chini ya godoro. Bajeti anayoijua mtu mmoja, wengine wote wataikanyaga kwa nia njema. Niliwaambia jambo moja tu: lile daftari litundikwe jikoni kwa kamba, na mguu wa mbuzi uandikwe humo. Ndiyo, uandikwe! Mbuzi mmoja kwa mwezi, tarehe inajulikana, watoto wanaisubiri. Baba akauliza, na nikipata hela zaidi je? Mkewe akamjibu kabla yangu: "Lete mafuta lita tano."

Mstari mwingine usiokuwepo kwenye madaftari yenu ni wageni. Sisi ni watu wa Kigoma, treni ikiingia mgeni ameingia, boti ikitia nanga mgeni ameingia. Mdogo wa shemeji anakuja kutafuta kazi wiki mbili, anakaa mpaka mahindi yanavunwa. Hatumfukuzi, si desturi yetu. Basi aandikwe. Kisado kimoja cha unga na dagaa wa kukitosha, kila mwezi, hilo ni fungu la mgeni. Asipokuja mgeni, kinavuka mwezi ujao. Na vijana wanaotoka Kasulu kuja kukaa kwetu, mwambieni mama huko asiwatume mikono mitupu. Mkungu wa ndizi kwenye basi haulipi nauli nyingi.

Kuhusu mikopo nitasema sentensi chache tu, kwa sababu inanichefua. Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, haipikiki. Ukikopa kwa riba ili ununue mtaji, tunaweza kukaa tukajadiliana. Ukikopa kwa riba ili ule ugali, ule ugali utakuwa umeshatoka tumboni wakati wewe bado unaulipia. Ukifikia hapo njoo kwenye kikoba kabla hujaenda kwao, sema wazi, hapa hakuna wa kukucheka. Na atakayecheka mnitajie.

Nimeongea sana, mwenyekiti anaangalia saa. Tufanye kitu kimoja leo kabla hatujatawanyika. Giza linaanza wiki ijayo. Nimekubaliana na mhazini tuanze na dagaa peke yake, mawese tutayaongelea tukiona hili limekwenda. Kila anayetaka aandikishe 15,000, anaruhusiwa kuigawa mara tatu, mwisho Jumatano jioni. Watakaokwenda Kibirizi ni mama wawili waliokulia pale, hawadanganyiki, na mizani tunabeba ya kwetu. Kila mtu aje na mfuko wake ulioandikwa jina. Na kina baba mliokuwa mlangoni, tunahitaji bodaboda tatu za kubebea mzigo kuja huku Mwanga. Mafuta ya pikipiki kikundi kitalipa. Nani ananyoosha mkono?